Mteja kwanza, mashine baadae: namna ya kuchagua soko lako kwenye biashara ya PlayStation hapa Tanga

Maswali ya biashara ya PlayStation, zile mashine za gemu za Sony (PS4, PS5 na nyinginezo, namba ni toleo lake), ni yale yale kila wiki. "Kaka nina milioni mbili na nusu, nichukue PS4 ngapi?" "PS5 inalipa Tanga au nibaki na PS4?" "Nimepata fremu Makorora, niweke gemu gani?" Nimekua nayajibu moja moja, sasa nimeona bora niyaweke yote sehemu moja, anayeuliza tena namtumia hii asome mwanzo mpaka mwisho.

Yote matatu yanaanzia mwisho. Mashine ndo kitu cha mwisho kununua. Cha kwanza ni kujua nani atakupa hela, anakaa mtaa gani, ana shilingi ngapi mfukoni siku ya Jumanne ya katikati ya mwezi, na anataka nini hasa. Ukishalijua hilo mashine haikupi shida kuichagua, usipolijua utanunua mashine nzuri kabisa alafu mtabaki mnaangaliana.

Nadharia sitaki iwe nyingi ila mfano mmoja lazima niutoe. Novemba 2006 ziliingia sokoni mashine mbili. PS3 ya Sony ilikua na nguvu kubwa, Marekani ilianza kuuzwa dola 499 na nyingine dola 599. Wii ya Nintendo ilikua dola 249, picha zake hata HD hazifiki. Lakini Nintendo walishaamua hawamgombanii kijana anayekesha na gemu, walimtaka mama, babu na watoto sebuleni, watu ambao pedi (kile kifaa cha kushika mkononi kuchezea) hawajawahi kuishika, wakawapa rimoti ya kuzungusha mkono hewani unacheza tenisi. Wii ikauza zaidi ya milioni 100 ikaiacha PS3. Kampuni ile ile mwaka 2012 ikaleta Wii U, wazazi wengi hawakuelewa hii ni mashine mpya au kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyonayo nyumbani, na wachezaji wakali nao hawakuiona kama ni yao, ikaishia kama milioni 13 na nusu. Mara ya kwanza mteja alijulikana, mara ya pili hakujulikana. Kama hilo limewakuta wao na hela zao zote, basi na fremu ya Mikanjuni linaikuta.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Usiandikie kwenye simu, ukisimama kona ya mtaa umeinua simu watu wanadhani unawapiga picha.
- Wiki mbili za kuzunguka, na ndani yake zipatikane wikiendi mbili na tarehe za mwisho wa mwezi, maana mtaa wa tarehe 28 na mtaa wa tarehe 15 sio mtaa mmoja. Baiskeli inatosha kabisa kwa Tanga hii.
- Mtaji ulioandikwa kwenye karatasi. Theluthi yake iweke pembeni usiiguse mpaka mwezi wa tatu wa biashara. Na hela ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiihesabu kabisa, riba yake itakula kabla mashine haijarudisha hata pedi.
- Mtu mmoja anayejulikana mtaani: mjumbe, mama wa chapati, bodaboda wa kijiweni. Huyo atakuambia kwa dakika kumi mambo ambayo wewe ungeyajua kwa miezi sita.
- TIN ya TRA (namba ya mlipakodi), na upite ofisi za Jiji uulize leseni ya biashara unayotaka kufanya inakwendaje. Ulizia mapema, usisubiri mpaka umeshapaka rangi fremu.

Hatua ya 1: Amua unauza nini

Mtu akisema "biashara ya PlayStation" anakua amechanganya biashara nne kwenye neno moja. Kuna kuchezesha, hapo unauza dakika. Kuna kuuza mashine zenyewe, hapo unamuuzia mtu mmoja kitu kikubwa alafu humuoni tena miaka kadhaa. Kuna kukodisha, unapeleka mashine na tivi kwenye bethidei au shughuli ya watu, hapo unauza siku nzima. Alafu kuna vifaa na ufundi: pedi, kebo za HDMI (za kupeleka picha kwenye tivi), chaja, kusafisha feni, kubadilisha tundu la HDMI, hapo unawauzia watu ambao mashine tayari wanazo.

Wateja wa hizi nne hawafanani. Chagua moja ya kuanzia, nyingine zitafuata zenyewe. Kwa mtaji mdogo mi nashauri kuchezesha au vifaa na ufundi, kwasababu kuuza mashine kunataka hela iliyolala dukani na Tanga mzigo unaweza kulala muda mrefu kuliko pale Kariakoo.

Kosa ninaloliona sana: mtu kafungua sehemu ya kuchezesha alafu kabandika ukutani "PS4 zinauzwa hapa". Mteja wa kununua anaingia anaona mashine imeshikwa na vijana tangu asubuhi, feni inanguruma, anajua ndo hiyo hiyo atauziwa. Anaondoka.

Hatua ya 2: Mtenganishe anayecheza na anayelipa

Hapa naomba usome taratibu maana ndo panapoamua kila kitu.

Kuna siku nilikua nimesimama kwenye duka moja la vifaa vya umeme Ngamiani, akaingia mama na mwanae wa kama miaka kumi na moja. Mtoto anaongea haraka haraka, anataja FIFA, anataja GTA, kidole kimeelekea boksi la juu kabisa kwenye shelfu. Muuzaji akamuinamia mtoto, wakaelewana vizuri sana, anamueleza habari za picha na spidi. Mama yuko pembeni, pochi kaibana kwapani, kimya. Alipokuja kuongea aliuliza mambo matatu. Inakula umeme kiasi gani? Ikiharibika natengenezea wapi? Na hizo za kupigana bunduki haziwezi kutolewa? Muuzaji la kwanza akajibu "kidogo tu mama", mengine akayapita. Mama akasema haya baba, tutarudi, akamshika mwanae mkono wakatoka.

Mchezaji alikua keshanunua zamani, mlipaji hakuna aliyemuuzia.

Na majibu yake yapo, tena mepesi. Umeme: PS4 Slim ikiwa inachezwa inavuta kama wati 80 mpaka 100, tivi ya LED inchi 32 kama wati 50, kwahiyo mtoto akicheza masaa mawili kila siku kwa mwezi mzima ni kama yuniti 9 za LUKU, mwambie mama hivyo hivyo kwa yuniti atapiga hesabu mwenyewe. Ufundi: mpe namba ya fundi imeandikwa kwenye risiti, na umwambie ukweli unamrudishia nini ikifa ndani ya miezi mitatu. Bunduki: mashine zote za sasa zina sehemu ya udhibiti wa wazazi, unaweka namba ya siri na gemu za umri mkubwa hazifunguki, na maboksi ya gemu za Ulaya yana alama ya PEGI ya umri, yani 3, 7, 12, 16 au 18. Gemu za mpira za FIFA na EA Sports FC (ndo jina jipya la gemu hizo hizo) zimekua zikipewa 3, GTA V imepewa 18. Chukua boksi mbili mbele ya mama umuonyeshe namba. Hapo hapo unaona mabega yanashuka.

Kwahiyo kwenye daftari lako chora safu mbili, anayecheza na anayelipa, alafu jaza kwa mtaa wako. Mtoto wa msingi anacheza, mzazi analipa, na mzazi anachotaka ni usalama na shule isiharibike. Bodaboda, fundi gereji, kijana wa sokoni, huyu anacheza na kulipa mwenyewe, jioni, anataka ushindani na kelele. Mfanyakazi wa bandarini au wa kiwanda cha saruji Pongwe ana mshahara, anataka yake nyumbani, ila mke nae ana kauli juu ya hiyo hela na msimdharau. Mwanafunzi wa sekondari ndo mgumu kuliko wote, anacheza na kulipa mwenyewe kwa hela ambayo mara nyingi ilikua ya nauli au ya kula shule, na ukimjenga yeye kama soko lako kuu utagombana na wazazi, walimu na mtendaji wa kata. Usimtegemee.

Hatua ya 3: Nenda mtaani ukahesabu

Mitaa ya Tanga haifanani hata kama zipo dakika tano kwa baiskeli. Ngamiani kwenye zile barabara za namba watu wamebanana, wapita njia ni wengi, na vibanda vya gemu navyo havikosekani. Makorora, Mabawa na Msambweni kuna vijana wengi wa jioni. Raskazone na pande za Bombo nyumba zina nafasi, watoto wanachezea ndani, pale kuchezesha hakuna maana sana ila kuuza na kwenda kufunga mashine nyumbani kuna maana. Kange stendi wapita njia wamejaa lakini ni wa kupita kweli, leo wapo kesho hawapo, na kuchezesha kunaishi kwa mteja anayerudi.

Chagua sehemu tatu. Kila sehemu kaa mara tatu: saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, saa moja usiku mpaka saa tatu, na Jumamosi asubuhi. Piga vijiti kwenye daftari, watoto wenye sare, vijana wasio na sare, wazazi wenye watoto.

Alafu ingia kwenye kila kibanda kilichopo hapo ucheze hata mechi moja. Wengi wanahesabu waliokaa. Wewe hesabu waliosimama. Kibanda kina mashine nne zote zina watu na nyuma wamesimama vijana saba wanasubiri, hapo mtaa una njaa, kuna nafasi yako. Kibanda kina mashine sita na nne zimezimwa, skrini nyeusi saa moja jioni ya Ijumaa, hata kama mwenyewe anakuambia biashara ni nzuri, mtaa umeshiba.

Angalia pia sheria za kila kibanda. Vingi vinatumia ule utaratibu wa anayefungwa ndo analipa. Kwa vijana wakubwa unanogesha, ila matokeo yake yule mkali wa mtaa anakaa kwenye kiti jioni nzima bure na wageni wanalipa kwa kufungwa mabao sita, wakishafungwa mara mbili hawarudi. Mtaa wenye vibanda vyote vya namna hiyo una soko ambalo hakuna anayelihudumia: wanaojifunza na watoto. Wengi wanalipita hilo.

Onyo: usihesabu siku za Idi wala siku Coastal Union wanacheza na Simba au Yanga pale Mkwakwani. Siku hizo mji sio wenyewe, namba zitakudanganya.

Hatua ya 4: Pima mfuko, sio hamu

Hamu ipo kila mahali, ukimuuliza kijana yoyote anataka PS5. Swali ni analipa kiasi gani bila kuumia. Tazama hela anayotoa sasa hivi kwa starehe: soda, bando, kuangalia mpira kwenye banda. Hapo ndo bei yako ilipo.

Fanya hesabu hii kwa bei za mtaani kwako, mi natumia za mfano tu. Tuseme mechi moja ni shilingi 500. Kipindi cha kwanza dakika sita na cha pili sita, ongeza kuchagua timu, kubishana na kubadilishana pedi, mechi inakula robo saa. Kwahiyo mashine ikiwa imejaa ni mechi nne kwa saa, shilingi 2,000. Unafungua masaa kumi lakini masaa yenye watu ni matano ukiwa na bahati, basi ni 10,000 kwa siku kwa mashine moja. Toa umeme, PS4 na tivi kwa masaa hayo matano ni kama robo tatu ya yuniti. Toa kodi ya fremu ukiigawa kwa siku, toa posho ya kijana anayeangalia, toa hela ya pedi maana pedi kwenye kuchezesha ni kama tairi za bodaboda, zinaisha na lazima uwe na bajeti yake. Kinachobaki ndo kinarudisha bei ya mashine.

Rudia hesabu ile ile kwa PS5. Mashine ni ghali mara kadhaa, umeme inavuta kama wati 200 ikichezwa, na kijana wa Makorora bado ana 500 ile ile mkononi. Kama hesabu inakubali basi nunua. Mara nyingi haikubali, na hapo ndo ujue PS5 ni ya mteja mwingine na sio kwamba ni mbaya.

Hatua ya 5: Muandike mteja wako kwenye sentensi moja

Kwa mfano: "Vijana wa miaka 18 mpaka 27 wa Mabawa wanaotoka kazini jioni, wana buku mbili, wanataka mechi za mpira na ligi ya wikiendi." Au: "Wazazi wa Raskazone na Chumbageni wenye watoto wa miaka 7 mpaka 12, wanataka mtoto acheze nyumbani wakimuona." Au: "Watu wenye PS4 tayari hapa mjini ambao pedi zimeanza kuvuta zenyewe bila kuguswa na hawana fundi wanayemuamini."

Ukiona sentensi yako ina neno "wote" au "kila mtu" ifute. Mtoto wa miaka nane hakai chumba kimoja na vijana wanaotukanana kwa goli la dakika ya 90, mama yake akipita akasikia ile lugha mara moja tu umempoteza yeye na majirani zake. Unaweza kuwahudumia wote wawili lakini kwa masaa tofauti, na hiyo ni hesabu nyingine, tutaifikia.

Hatua ya 6: Sasa ndo mashine

PS2 na PS3. Bei rahisi na bado zipo mitaani. Ila jua kwamba FIFA ya mwisho kutoka kwa PS2 ni FIFA 14 na ya mwisho kwa PS3 ni FIFA 19. Mtoto wa miaka nane hajali, anataka kukimbiza mpira. Kijana anayefuatilia usajili atakuuliza mbona mchezaji fulani bado yuko timu ya zamani, na atahama. Kingine, PS2 nyingi za Japani na Marekani ni za volti 100 au 120, umeme wetu ni 230, geuza mashine usome kibandiko chini kabla hujaichomeka.

PS4. Kwa Tanga ya leo ndo mashine ya kazi. Ilitoka 2013, Slim ikaja 2016, hata EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 ilitolewa kwa ajili yake, mafundi wanaijua, vipuri vipo, diski zake hazina ubaguzi wa nchi. Ukinunua iliyotumika iwashe icheze nusu saa nzima mbele yako, sikiliza feni, tikisa kidogo kebo ya HDMI uone kama picha inakatika, ingiza na kutoa diski mara tatu. Winga (dalali) akikuharakisha, acha.

PS5. Ya mwenye mshahara anayenunua yake, au ya chumba kimoja cha bei ya juu kwa watu wazima. Angalia kama ina sehemu ya diski, zile za dijitali hazina. Na Xbox Series S ya Microsoft nayo haina diski kabisa, kila gemu ni ya kushusha, gemu moja la mpira linaweza kula GB 50, kwahiyo mteja asiye na intaneti ya nyumbani usimuuzie hata kama bei imemvutia, atarudi analalamika na atakua na haki.

Nintendo Switch inapendeza sana kwa familia zenye watoto wadogo ila uliza kwanza fundi nani hapa mjini anaifungua.

Ukimuuzia mtu mueleze pia habari ya akaunti: wakati wa kufungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haipo kwenye orodha ya nchi, watu wanaishia kuchagua nchi nyingine, na kadi ya kulipia ya Marekani haikubali kwenye akaunti ya Uingereza. Usipomuambia leo atanunua kadi isiyoingia na lawama itakuja kwako.

Onyo: mashine iliyochakachuliwa ikajazwa magemu ya wizi inavutia kwa bei. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mashine hiyo ikiingia mtandaoni inaweza kufungiwa moja kwa moja. Usijenge duka juu ya hiyo kitu.

Hatua ya 7: Jaribu kwa kidogo

Mashine moja, tivi moja, pedi tatu (ya tatu ni ya akiba), kibaraza cha ndugu au kona ya saluni, wikiendi nne. Andika kila mechi: saa ngapi, nani kacheza, nani katoa hela. Nataka uone kama mteja uliyemuandika hatua ya 5 ndo huyo huyo anayekuja. Mara nyingi anakuja mwingine, na hapo uamue, unabadilisha sentensi au unabadilisha mtaa. Vyote viwili ni rahisi ukiwa na mashine moja.

Kwa anayetaka kuuza, usilete mzigo kwanza. Weka status WhatsApp, picha ya mashine halisi na bei kamili na garantii, uone wangapi wanaweka oda kwa hela na sio kwa maneno. Ukifata mzigo Mombasa pitia mpaka wa Horohoro kihalali ulipe ushuru, njia za panya zimewamaliza watu mtaji wote kwa siku moja.

Hatua ya 8: Kalenda na majirani

Idi zote mbili watoto wana hela za sikukuu mkononi na nguo mpya, andaa gemu za watoto na chenji ndogo ndogo. Ramadhani mchana funga tu, fungua baada ya taraweh. Likizo ya Juni na Desemba ni ya watoto. Septemba inatoka gemu mpya ya mpira, vijana wanaisubiri.

Mwenye sare haingii saa za masomo, andika mlangoni na usimamie. Dau la hela kwenye mechi usiruhusu hata kwa utani, hiyo inakua kamari na ina bodi yake na sheria zake. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kufungua, na kwa jirani mwenye wagonjwa au anayeamka alfajiri uliza kabisa kelele ziishe saa ngapi.

Ukikwama

*Watoto wamejaa ila hela haionekani.* Wanaangalia, hawachezi. Weka masaa: mchana mpaka saa kumi na moja ni ya watoto kwa bei ya dakika, muda ukiisha pedi inapokelewa, na anayefungwa halipi peke yake. Baada ya hapo ni ya wakubwa.

*Wakubwa wamehama.* Cheza kwa jirani waliyohamia. Kama ni gemu mpya, nunua diski. Kama ni pedi, badilisha pedi leo, kijana anavumilia joto na benchi gumu lakini hawezi kuvumilia pedi inayovuta kushoto.

*Mpinzani kafungua na PS5 mtaa wa pili.* Usikimbilie kukopa. Subiri wiki tatu, hesabu waliosimama kwake. Wakirudi kwako maana yake ni bei. Wasiporudi rudia hatua ya 4 kwa namba mpya.

*Niliuza mashine nyingi mwezi wa kwanza sasa kimya.* Uliwauzia marafiki na marafiki wa marafiki, duara limeisha. Hao hao sasa ni wateja wa pedi, usafi wa feni na kubadilishana mashine kwa kuongeza hela. Wapigie, wote namba zao unazo.

*Mashine zinakufa mapema.* Chomoa kebo ya HDMI utazame ncha yake kwenye mwanga. Ukiona ukijani ukijani na vidoadoa vyeupe ndani ya tundu, hiyo ni hewa ya chumvi, inasumbua zaidi Sahare na Raskazone na fremu zozote zinazotazama bahari. Usiku funika mashine zikishapoa, dirisha la upande wa bahari lifunge, feni zisafishwe kila baada ya miezi mitatu. Kama zinakufa baada ya umeme kurudi, basi nunua stebilaiza kabla ya mashine nyingine, na umfundishe kijana wako umeme ukikatika achomoe kwenye ukuta alafu asubiri dakika kama tano baada ya kurudi ndo awashe.